Tangazo la Kifo Changu, Desemba 15 Hadi Januari 6

Nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mpunga,
Mtaa wa Santa Lucia.
3 Desemba.

Kwa Bw. Fulgencio Abrenica,
Mhariri, gazeti la Sauti ya Bonde.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Consolacion, ambaye hajui kwamba nakuandikia. Mimi ni msomaji wako wa mwaka wa sita sasa. Gazeti lenyewe silinunui. Nalisoma kwa kinyozi kila Jumamosi, nikifuata ushauri wako katika makala ya kwanza kabisa ya ukurasa wa "Mfuko wa Familia," kwamba kitu unachoweza kukiazima usikinunue. Kinyozi ananilalamikia kwamba nakaa sana na sinyolewi. Nimemweleza alete malalamiko yake kwako.

Nataka uelewe kwamba hayupo katika bonde hili mtu aliyekutii kuliko mimi. Ulisema tukate dawa ya meno katikati kwa mkasi. Mimi naikata, naikwangua kwa kijiko, kisha naisuuza. Mifuko ya plastiki tunaifua na kuianika pamoja na soksi. Makopo ya aiskrimu tumeyajaza dagaa wakavu, na mgeni akifungua friji kwa tamaa hurudi kukaa kimya. Ulisema mshahara ugawanywe kwenye bahasha. Mimi sina mshahara, nina pensheni ya udereva, lakini niliigawa vilevile: bahasha ya mchele, ya umeme, ya maji, ya sabuni, ya dawa za presha, ya sadaka, na ya saba nikaiandika JICHO.

Hiyo ya saba ndiyo iliyonifanya niazime kalamu. Nina malalamiko na nina ombi, na nimeyapanga kwa namba kwa sababu ulisema mtu asiyepanga mambo yake hupangiwa na wenzake.

1. Katika makala zako zote hizo hukuandika hata mstari mmoja kuhusu watoto wa ubatizo.

Mimi ninao sitini na mmoja. Usidhani ni majivuno. Kwa miaka ishirini na tisa niliendesha gari la wagonjwa la manispaa, na wanawake wa bonde hili wana desturi ya kushikwa na uchungu barabara ikiwa imejaa maji. Wengi niliwafikisha. Kumi na wanne walijifungulia garini, mimi nikiwa nimeshika tochi na kuangalia pembeni. Mzazi aliyejifungulia garini mwako hana cha kukulipa, kwa hiyo hukulipa kwa kukufanya baba wa ubatizo, na wewe unajua kama mimi nijuavyo kwamba ubaba huo haukataliwi. Ukikataa umemwitia mtoto mkosi, na akianguka kwenye mwembe miaka tisa baadaye watu watakukumbuka. Sisi wenyewe Mungu hakutujalia mtoto. Basi watu wakaona nafasi ipo, wakaijaza.

2. Watoto hawa muda wao hauishi.

Kitambulisho kinaisha muda, leseni inaisha, hata dagaa wana tarehe yao, lakini mtoto wa ubatizo muda wake hauishi. Kila Krismasi, misa ikishaisha, wanapanga foleni langoni kwangu, wanachukua mkono wangu na kuugusa kwenye paji la uso kwa heshima, "Baraka, Ninong," yaani baba wa ubatizo, na mkono huohuo wanaubakiza hewani kidogo. Mwenye miaka mitano ukimpa peso hamsini anaruka. Mwenye miaka ishirini na tisa anaigeuza mbele na nyuma, halafu anauliza kwa upole, "Ninong, hii ni ya mwaka huu au ni ya nauli?" Sasa wameoa. Wanakuja na watoto wao, na hao watoto nao wananiita Ninong, na mimi moyo wangu si wa chuma.

Haba na haba hujaza kibaba, nakubali, lakini changu kina tundu, na tundu lenyewe ni Desemba. Krismasi tatu mfululizo nimefungua bahasha ya JICHO.

3. Nilijaribu kusema hapana, kama ulivyofundisha.

Krismasi ya kwanza nilifunga lango na kubandika karatasi: HATUPO. Jirani yetu Rowelyn, ambaye ni mtoto wangu wa ubatizo namba arobaini na nne na ana sikio la paka, akawatangazia watu barabarani, "Ngojeni tu, yumo, nimemsikia anakohoa. Tena anakohoa vibaya, maskini." Wakaruka ukuta wakiwa na dawa ya kifua. Nililipa wote, na dawa nikainywa.

Krismasi ya pili tulisafiri kwenda kwa shemeji yangu, mji wa tatu kutoka hapa. Kwenye basi nikakuta wanne wangu, na kondakta akawa wa tano. Aligoma kabisa kupokea nauli. "Siwezi kumtoza Ninong," akasema, halafu akasimama pale akinitazama kwa mapenzi mpaka nikatoa mia mbili. Nauli yenyewe ilikuwa themanini.

Krismasi iliyopita nilijitia mgonjwa. Nililala na taulo kwenye paji la uso. Ndugu Mhariri, walikuja na uji wa mchele wenye tangawizi, wakakaa kitandani, wakanikanda miguu, mmoja akaimba. Mwishowe nilijisikia vibaya kweli, nikamwambia Consolacion alete bahasha.

4. Wema wao hauna bajeti.

Huyu Wilmer Tolosa, namba kumi na mbili, ndiye mfano wangu mkubwa. Nilimpokea kwa mikono hii kando ya daraja lililovunjika, akiwa wa bluu kama wino. Leo anaendesha pikipiki ya abiria yenye kiti ubavuni. Kila Jumanne na Ijumaa anampeleka mke wangu sokoni na kumrudisha, hataki hata senti. Nimemwambia mara ngapi, "Mwanangu, chukua pesa, hiyo ni kazi yako." Anacheka tu. "Ninong, wewe ulinitoza kiasi gani siku ile?" Sasa nifanye nini? Siwezi kumnyima Krismasi mtu wa namna hiyo. Angekuwa mkorofi ningeokoa mia mbili kwa mwaka.

Mwingine analeta samaki. Mwingine ametutengenezea bati la jikoni bila kuulizwa. Na kwa kuwa vitu hivi vinakuja ovyo, bila tarehe, siwezi kuviingiza katika mpango wowote. Nakulaumu kwa hili pia, sijui kwa njia gani, lakini nakulaumu.

5. Sasa nieleze kuhusu jicho.

Si jicho langu. Consolacion ni fundi cherehani, amewashonea walimu wote wa hapa sare zao. Macho yake mawili yana ukungu, la kulia zaidi, na kliniki ya mji mkuu wa mkoa inataka peso elfu ishirini na nane kwa hilo moja. Yeye anaficha. Vitu vyote vya nyumbani amevihifadhi kichwani, chumvi hapa, sukari pale, na mimi nikisogeza kopo moja kahawa ya asubuhi inakuwa ya chumvi. Nainywa. Mwezi wa tisa alimshonea mwalimu mkuu shati lenye mkono mmoja nyuma mbele, akarudishiwa, akalifumua na kusema ilikuwa mitindo. Wiki iliyopita aliliambia pipa la maji, "Karibu mama, umeshakula?" Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikucheka.

Nikimwambia habari ya kliniki ananijibu, "Eleuterio, jicho moja linatosha kumwona mume mmoja. Hao watoto wakija usiwarudishe mikono mitupu." Tangu Oktoba hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Anakaa kibarazani na sindano yake, anamngoja mtu yeyote apite amwombe. Mimi nikitaka kumtungia anakasirika, kwa hiyo najifanya sioni. Inaniuma sana, Ndugu Mhariri, na nimeiweka chini ya namba tano kwa sababu sikujua niiweke wapi.

Bahasha ya JICHO leo ina peso elfu mbili na mia moja.

6. Kwa hiyo naomba utangaze kwamba nimekufa.

Nimeifikiria hoja hii kwa utaratibu uleule unaoufundisha. Nani haombwi zawadi ya Krismasi? Aliye mbali anaombwa, kwa simu. Mgonjwa anaombwa, nimeshathibitisha. Maskini anaombwa zaidi, kwa sababu anaona haya kukataa. Marehemu peke yake ndiye anayeachwa apumzike. Naomba tangazo litoke kuanzia Desemba 15, kabla misa za alfajiri hazijaanza, mpaka Januari 6, siku ya Mamajusi, ambapo kwa desturi madai yote ya zawadi yanafungwa.

Na wala si kuokoa tu. Mwezi wa nane uliandika kwamba kila familia itafute chanzo cha pili cha mapato. Hiki hapa. Mtu akifa kwetu, watu wanaleta rambirambi. Hasahau hata mmoja. Wanaokuja kukesha wanacheza karata, na kila mshindi anakata fungu la wafiwa. Watoto sitini na mmoja, kila mmoja akileta mia tano tu, ni elfu thelathini na mia tano. Ukitoa kahawa na biskuti za wageni, pesa ya jicho inabaki palepale. Jeneza nitaazima kwa binamu yangu mwenye karakana, kwa masharti kwamba nisilikwaruze. Shati jeupe la sherehe ninalo tangu harusi yangu. Kulala kimya naweza, nimestaafu.

Gharama za tangazo nazo nimezipunguza. Kwa kuwa mnatoza kwa neno, nimelikata mpaka likabaki hivi: ELEUTERIO MACARAEG, DEREVA MSTAAFU, AMEFARIKI. ZAWADI ZA KRISMASI ZIMEKOMA. RAMBIRAMBI ZINAPOKELEWA NYUMBANI. Ikiwa bado ni refu, ondoa "dereva mstaafu," watanijua.

7. Kuhusu kufufuka kwangu.

Januari 7 utachapisha masahihisho, ukurasa wa pili, chini, kwamba palikuwa na kosa la uchapaji. Wasomaji wataamini. Mwaka jana mliwaozesha askofu na mke wa diwani kwenye maelezo ya picha moja, na watu walisamehe. Nadhani masahihisho hayatozwi pesa.

Ukikataa ombi hili, basi nitalazimika kulitimiza kwa njia ya asili, na lawama itakuwa juu ya ukurasa wa "Mfuko wa Familia."

Naishia hapo kwa kuwa karatasi inaisha, na upande wa nyuma ni bili ya umeme. Wasalimie wapanga herufi, msalimie mke wako na mama yake, yule dada wa mapokezi anayesema umetoka, mlinzi, na mbwa wa mlinzi. Bahasha ya barua hii ukishaifungua naomba uitunze, nitaipitia.

Ndimi mtiifu wako, niliye hai kwa sasa,

Eleuterio D. Macaraeg
(Dereva mstaafu)

N.B. ya 16 Desemba.

Ndugu Mhariri, barua hii ilichelewa kwa sababu nilikuwa namngoja mtu anayekuja mjini bure. Katika kungoja huko mambo yameharibika, na naomba uisome hii kabla ya kuchapisha lolote.

Nakala ya tangazo niliiacha chini ya kopo la sukari. Siku ya pili yake, mchana, Consolacion aliigusa, akaisogeza kwenye jicho, akaipeleka mbali, akashindwa. Mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi la sebuleni, mdomo wazi, taulo usoni kwa ajili ya nzi. Akamwita Rowelyn pale uani: "Mwanangu, hebu nisomee hii, nadhani ni bili ya maji." Rowelyn akasoma hadi neno AMEFARIKI, akanitazama pale benchini, akatoka mbio. Yale yaliyobaki hakuyasoma. Hii ndiyo hasara ya kuweka jambo muhimu mwishoni.

Niliamka nyumba ikiwa imejaa. Kusema kweli ningeweza kuinuka wakati ule, lakini nilisikia bahasha ya kwanza ikitua kwenye kopo la aiskrimu, nikaamua kungoja kidogo. Consolacion alikuja, akanishika unyayo, akanitekenya, nikakunja kidole. Kisha akanitengenezea taulo vizuri usoni na kurudi kulia kwa sauti. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na sikujua ana kipaji kile.

Walikuja arobaini. Kila mmoja alisimama kichwani pangu na kusema lake, na mimi nilijua kila sauti, hata zile ambazo mara ya kwanza nilizisikia zikilia kwenye gari langu. Niliwavumilia thelathini na tisa. Wa mwisho alikuwa Wilmer. Alikuja kwa miguu. Nilisikia watu wakimuuliza pikipiki iko wapi, akajibu, "Nimeiweka rehani. Nisingekuja kwa Ninong na mkono mtupu." Akapiga magoti karibu na sikio langu, akasema polepole, "Ninong, mke wangu kajifungua wa tano. Nilikuwa naja kukuomba umbatize. Nimechelewa."

Sijui ilikuwaje. Nilijikuta nimeketi, taulo limeanguka, na nasikia sauti yangu ikiuliza, "Ubatizo ni lini?"

Wawili walizirai, mmoja wao ni muuguzi.

Niliwaeleza yote, na nilitaka kuwarudishia pesa zao hapohapo, bahasha kwa bahasha. Walirudi nyuma kama nimeshika nyoka. Unaijua desturi: kitu cha msiba hakirudi nyumbani na mtu, huko ni kukaribisha kifo kwake. Niliposema hapakuwa na msiba, mama mmoja akanijibu, "Sisi tulilia, Ninong. Msiba ulikuwepo." Ndani ya kopo mlikuwa na peso elfu thelathini na nne na mia sita hamsini. Lakini zawadi ya Krismasi nayo haikataliwi, kwa hiyo nilimpa Wilmer elfu nne akaikomboe pikipiki yake, nikiiita zawadi ya mapema. Hilo lilikuwa kosa. Wale thelathini na tisa waliposikia neno zawadi walifuta machozi na kupanga foleni. Hamsini hamsini, na Wilmer naye akajipanga tena mwishoni. Hata hivyo zilizobaki zilitosha.

Basi futa tangazo, na futa malalamiko namba moja hadi nne. Namba saba ibaki, maana kosa la uchapaji linaweza kuhitajika siku nyingine.

Lipo jambo moja dogo. Wilmer anataka mtoto wake awe na baba wawili wa ubatizo, na wa pili awe mtu anayeelewa mambo ya pesa. Nikakutaja wewe. Makala yako ya kusema hapana nimeirudia mara tatu kwa kinyozi, na siioni ikigusa ubatizo, ambao kuukataa ni mkosi kwa mtoto asiye na hatia. Ni Jumapili ya tarehe 28, saa tatu asubuhi. Watoto wanne wakubwa wa Wilmer nao watakuita Ninong, usishangae.

Ukidhani bado kuna nafasi ya kujitoa, nakwambia haipo, kwa sababu jina lako tumeshalipeleka kanisani. Karani wa parokia alitaka kuliandika yeye, Consolacion akamnyang'anya kalamu. Bandeji ya jicho la kulia ilikuwa imetolewa jana yake. Aliandika Fulgencio Abrenica polepole, herufi moja moja, bila kuuliza mtu, na jina lote limekaa juu ya mstari.